Oili Nzito, Oili Nyepesi, na Njia ya Garissa

Ukisimama karibu na daraja la Garissa alfajiri, utayaona malori yakivuka mto Tana kwenda mashariki na kaskazini. Moja limepakia unga na sukari, la pili dawa za hospitali, la tatu mabati na saruji. Mengine yanarudi kutoka huko yamejaa ng'ombe na mbuzi wa kuuzwa katika masoko ya bara. Mbele ya yale yanayokwenda Wajir iko safari ya kilomita zaidi ya 300, na atakaye kufika Mandera hana budi kuendelea mbali zaidi. Njiani jua ni kali, vumbi ni jingi, na maji ni haba. Injini ikifa mahali kama hapo, hasara si ya mwenye gari peke yake. Mgonjwa hukosa dawa, duka hukosa unga, na mifugo iliyofungiwa ndani ya lori huanza kufa kwa kiu.

Wahenga walisema: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Watu wengi wakifikiri juu ya nyenzo za motokaa hutaja petroli au dizeli, kisha magurudumu. Ni wachache wanaokumbuka oili, na wachache zaidi wanaojiuliza oili hiyo iwe nzito au nyepesi kiasi gani. Hata hivyo, swali hilo lina historia ndefu, na nchi ya Kaskazini Mashariki ya Kenya inaweza kutufundisha mengi juu yake. Nakuomba ufuatane nami tuitazame historia hiyo, ili siku moja utakapoulizwa na dereva au na mzazi wako, uweze kujibu kwa hoja wala si kwa kubahatisha.

Kwanza yafaa tujue kazi ya oili. Ndani ya injini vyuma huzunguka na kupanda na kushuka mara maelfu kwa dakika. Kama chuma kingesuguana na chuma kikavu, joto lingezidi mara moja, na vyuma vingelika au kushikana. Oili huingia katikati na kuwa kama utando mwembamba kuliko unywele, chuma kikaelea juu yake bila kukigusa chuma kingine. Nguvu ya kushikilia utando huo hutokana na mnato, maana yake ule ukinzani wa majimaji usiotaka yatiririke upesi. Asali ina mnato mwingi, maji yana mnato kidogo. Nayo oili haikai na mnato mmoja, kwani hubadilika kwa joto. Oili ya kawaida ya malori, ikipashwa kutoka nyuzi 40 mpaka nyuzi 100 za Sentigredi, mnato wake hupungua zaidi ya mara saba. Basi shida yote ya kuchagua oili imo katika jambo hili moja: tunataka kitu kisichokuwa kizito mno kikiwa baridi, wala chepesi mno kikiwa moto.

Usidhani kwamba elimu hii ilijulikana tangu zamani. Watu wa kale walipaka ekseli za mikokoteni yao shahamu ya wanyama na mafuta ya mimea, wakaona kwamba mambo yanakwenda, wakatosheka. Miongoni mwa mafuta hayo yalikuwamo ya mbarika, mmea unaoota wenyewe katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na ambao mafuta yake mazito yalitumika hata katika injini za ndege za Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha petroli huko Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, na tangu hapo mafuta ya ardhini yakaanza kuchukua nafasi ya shahamu na mbegu.

Lakini kuwa na mafuta ni jambo moja, na kujua yanavyofanya kazi ni jambo jingine. Mwaka 1883 Mwingereza aliyeitwa Beauchamp Tower alikuwa akichunguza msuguano katika ekseli za magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, lakini badala ya oili kuingia, iliyokuwamo ndani ilitoka. Akaliziba tundu kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Ndipo ilipodhihirika kwamba ekseli inayozunguka huivuta oili katikati yake na beringi kwa nguvu, na kwamba oili hiyo ndiyo inayoubeba mzigo wote. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, mtaalamu Osborne Reynolds aliyaeleza mambo hayo kwa hesabu. Hesabu yake ilionyesha wazi kwamba unene wa utando hutegemea mambo matatu: mwendo wa chuma, uzito wa mzigo, na mnato wa oili. Yashike vizuri hayo matatu, maana tutayahitaji tutakaporudi Garissa.

Motokaa zilipoanza kuenea, kila mfanyabiashara aliisifu oili yake kwa maneno yake: huyu alisema nzito, yule alisema ya wastani, na mnunuzi hakuwa na kipimo. Mwaka 1905 wahandisi wa magari wa Marekani waliunda chama chao, ambacho kwa kifupi huitwa SAE, na mwaka 1911 chama hicho kikatoa utaratibu wa kwanza wa kuzipanga oili kwa mnato wake. Utaratibu huo umerekebishwa mara nyingi tangu siku zile, lakini ndio mama wa namba unazoziona leo kwenye makopo: 20, 30, 40, 50. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo oili inavyokuwa nzito ikiwa katika joto la kazi. Kwa kipimo cha leo, oili ya namba 30 ikiwa na joto la nyuzi 100 huwa na mnato wa kuanzia 9.3 hadi karibu 12.5, na ya namba 40 huanzia hapo hadi karibu 16.3. Hesabu hizo ni za milimeta za mraba kwa sekunde. Wala usichanganye namba hizo na ubora. Oili ya 50 si bora kuliko ya 30, kama vile kiatu cha namba 10 kisivyo bora kuliko cha namba 7. Ubora ni wa kile kinachokutosha.

Oili za zamani zilikuwa na namba moja tu. Aliyetia ya 40 alikuwa na uzito unaofaa mchana wa joto, lakini asubuhi ya baridi injini yake iliwaka kwa taabu. Aliyetia ya 20 aliwasha kwa urahisi, lakini alihatarisha beringi zake penye jua na mzigo. Kwa sababu hiyo, katika nchi zenye majira ya baridi kali ilikuwa desturi kubadilisha oili majira yanapobadilika. Hapa kwetu majira hayabadiliki namna hiyo, lakini nchi yenyewe hubadilika. Nairobi iko juu zaidi ya meta 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake hushuka mpaka nyuzi 12 au chini yake. Garissa iko bondeni, na mchana joto lake mara nyingi hufika nyuzi 35 na kupita. Motokaa inayoondoka Nairobi asubuhi hufika katika hali nyingine ya hewa kabla ya jua kutua.

Mabadiliko ya namna hiyo yalionekana kwa ukubwa katika mwaka 1941. Mwezi wa Februari mwaka huo, majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Alan Cunningham yalitoka upande wa Garissa na Bura kwenda kupigana na Waitalia waliokuwa wakitawala Somalia na Ethiopia. Walikuwamo askari wa Afrika Mashariki wa King's African Rifles, askari kutoka Nigeria na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na askari wa Afrika Kusini. Njia yao ilipita katika vichaka vya miiba na mchanga, penye visima vichache. Chakula, risasi, petroli, na hata maji ya kunywa vilichukuliwa kwa malori. Tarehe 11 Februari waliingia Afmadow, tarehe 14 Kismayu, na tarehe 25 Mogadishu. Hawakupumzika huko. Walipanda kaskazini mpaka Jijiga, wakaikwea milima mpaka Harar, walikoingia tarehe 26 Machi, na tarehe 6 Aprili wakafika Addis Ababa, mji ulio juu zaidi ya meta 2,300. Tangu Afmadow hata Addis Ababa haikupita miezi miwili, na safari nzima kutoka mto Tana ilikuwa ya zaidi ya kilomita 2,000.

Hebu fikiri juu ya injini za malori yale. Zilianza katika joto la Tana, zikiwa na mzigo mkubwa, mwendo mdogo, na mchanga uliokuwa ukivuta magurudumu. Zilimaliza katika nyanda za juu, ambako usiku baridi hupenya mpaka mifupani. Sasa yakumbuke yale mambo matatu ya Reynolds. Mwendo ukiwa mdogo na mzigo ukiwa mkubwa, utando wa oili hupungua unene. Joto likizidi, mnato nao hupungua, na utando huzidi kuwa mwembamba. Mchanga wa Garissa hukusanya maadui hao wote pamoja. Vitabu vya vita huwataja majenerali na miji iliyotekwa, lakini lori lisilotunzwa lisingelifika hata Afmadow, sembuse Addis Ababa.

Mwaka huohuo wa 1941, mbali sana na Tana, jeshi la Wajerumani lilikuwa likielekea Moscow. Lilipokutwa na majira ya baridi ya Urusi, baridi ilishuka chini ya nyuzi 30 kasoro sifuri. Oili ndani ya injini ikaganda, hata ikawa haitiririki, na askari wakalazimika kuwasha moto chini ya magari ili yaweze kuwaka. Oili iliyofaa majira ya joto ilikuwa mzigo katika theluji. Ukiziweka nchi hizo mbili pamoja, ya mchanga na ya theluji, utaona kwamba kabla ya kuisifu oili au kuilaumu lazima uulize: itatumika wapi, katika injini gani, na kwa mzigo gani?

Wanakemia walikuwa wamekwisha kuanza kulitafutia swali hilo jibu. Mwaka 1929 wataalamu wawili, Dean na Davis, walitunga kipimo cha kuonyesha jinsi mnato wa oili unavyobadilika kwa joto. Baadaye ikajulikana kwamba oili nyepesi ikichanganywa na kemikali maalumu zenye molekuli ndefu, haipotezi mnato wake upesi inapopata joto. Katika miaka ya 1950 oili za namba mbili zikaanza kuenea madukani. Ndizo zinazoandikwa, kwa mfano, 15W-40. Herufi W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake huonyesha tabia ya oili katika baridi: ikiwa ndogo, injini huwaka kwa urahisi zaidi penye baridi kali. Namba ya pili huonyesha uzito wa oili injini ikiwa moto, katika kazi.

Sasa turudi Garissa, tuone ni kwa nini elimu hii ina uzito wa pekee katika nchi hiyo. Serikali ya kikoloni iliitenga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na sehemu nyingine za Kenya, na sheria ya mwaka 1934 juu ya wilaya maalumu ilizidi kubana safari za watu. Baada ya uhuru wa 1963 vita vilizuka vikadumu mpaka 1967, na hali ya hatari iliyotangazwa katika mkoa huo haikuondolewa mpaka 1991. Waraka wa Serikali namba 10 wa mwaka 1965 nao ulitaka fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi, na nchi kame ikabaki nyuma. Hivyo barabara kuu zilikaa miaka mingi bila lami, na karakana pamoja na maduka ya vipuri yakawa mbalimbali sana. Tangu mwaka 1991, wakimbizi wengi walipoanza kuja Dadaab, malori ya chakula na dawa yaliongezeka mno katika njia hizo hizo za mchanga. Mtu wa mjini akikosea oili, huenda akaliacha gari kwa fundi akapanda basi. Akosaye katikati ya Garissa na Wajir hana fundi wala basi la kukimbilia.

Pengine utasema, "Maadamu Garissa ni nchi ya joto, basi kila gari litiwe oili nzito kuliko zote, na shauri limekwisha." Maneno hayo husemwa na madereva wengi, na yana ukweli wa nusu. Kwa injini za zamani, zenye nafasi kubwa katikati ya vyuma vyake, oili nzito ilikuwa kinga nzuri, na malori mengi ya dizeli hata leo hutumia 15W-40 bila shida. Lakini kila ndege huruka kwa ubawa wake. Motokaa ndogo nyingi zinazoingia Kenya zimetumika kwanza Japani, na kwa kanuni za nchi hazipaswi kuzidi umri wa miaka minane. Injini zake zimeundwa kwa nafasi nyembamba na vitundu vidogo vya kupitishia oili, na nyingi zimepangiwa oili nyepesi kama 0W-20 au 5W-30. Ukiitia injini ya namna hiyo oili ya 20W-50, pampu itasukuma kwa taabu, oili itachelewa kufika juu asubuhi gari linapowashwa, mafuta yatatumika zaidi, na vifaa vinavyoendeshwa kwa presha ya oili vitakwenda kombo. Tena ukilitia lori la zamani lenye mzigo oili ya 0W-20, utando utakatika, chuma kitagusa chuma, na taa nyekundu ya oili itawaka wakati ambapo madhara yamekwisha kutokea.

Basi afanyeje mwenye gari? Na asome kwanza kitabu cha gari lake. Vitabu vingi, hasa vya malori, vina jedwali linaloonyesha joto la nchi upande mmoja na oili inayofaa upande wa pili. Ikiwa kitabu ni cha Kijapani, namba zake husomeka vilevile, na mara nyingi zimeandikwa pia kwenye kifuniko cha kutilia oili. Vingine huruhusu oili iliyo nzito kidogo kwa mwendo mkali au mzigo mzito, na ruhusa hiyo itoke kitabuni, isitoke barazani. Na aangalie pia herufi za ubora zilizo kwenye kopo, kwani zile zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Zaidi ya hayo, na alitunze chujio la hewa na lile la oili, kwa sababu vumbi la Kaskazini Mashariki likiingia ndani huigeuza oili kuwa msasa, na hakuna namba inayoweza kuizuia hasara hiyo. Asiihukumu oili kwa rangi wala kwa kuisugua vidoleni. Oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya muda mfupi tu, kwa sababu imebeba masizi, nayo ingali ikifanya kazi yake. Cha kuhesabu ni kilomita na miezi, na cha kutazama kila asubuhi ni kiasi kilichopo kwenye kijiti cha kupimia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali.

Nawe mwanafunzi, huna haja ya kuyakubali haya kwa kusikia tu. Mwaka 1851 George Stokes alieleza kwa hesabu jinsi mpira mdogo unavyozama ndani ya majimaji mazito. Mwombe mwalimu wako wa fizikia chupa mbili ndefu za kioo na oili ya namba moja katika zote mbili. Iweke ya kwanza ndani ya maji baridi, na ya pili ndani ya maji ya moto. Tumbukiza katika kila moja gololi ndogo ya chuma ya beringi, na uhesabu sekunde mpaka ifike chini. Kisha rudia kwa oili ya namba nyingine, ukayaandike majibu yako katika jedwali. Utakuwa umepima kwa mkono wako mnato, jambo mojawapo la yale matatu ya Reynolds.

Siku hizi vijana wa Garissa, Wajir na Mandera ndio wanaofungua karakana na maduka ya vipuri katika miji yao. Dereva akija na lori lililobeba dawa, akitaka oili kabla ya kuingia njiani, atamwamini yule aliye mbele yake. Huenda wewe unayesoma ndiye utakayekuwa umesimama hapo. Kabla hujachukua kopo lolote, muulize injini yake ni ipi, amebeba nini, na anakwenda wapi.